Chokaa ya Unguja Ndani ya Chupa ya Maabara

Mwambie mwanafunzi wa kemia ataje kichocheo, atakutajia platinamu. Wa pili atasema paladiamu, na yule aliyekesha na kitabu ataongeza rodiamu. Siwalaumu, nami nilisomeshwa hivyo. Lakini platinamu nyingi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini, paladiamu inatoka huko na Urusi, na bajeti ya maabara ninayofanyia kazi hapa Unguja hainunui hata punje yake. Nje ya dirisha la maabara hiyo hiyo kuna ukuta uliopakwa chokaa, na chini ya ukuta ni mawe ya matumbawe ya kale, ukichimba unayakuta tu. Yote hayo ni kalsiamu.

Kwa hiyo kazi yangu ya miaka hii imekuwa ni chokaa. Sikuichagua kwa uzalendo. Ndiyo niliyoweza kuipata, na nilipoizoea nikaona kuna mambo ambayo vitabu vinayapita mbio, nami nimeyajua kwa kuunguza mikono.

Kichocheo, kwa asiyeishi na kemia, ni mshenga. Anazikutanisha pande mbili ambazo zenyewe zingechelewa kukutana, posa inakubaliwa, naye haoi wala haolewi. Kesho yuko nyumba nyingine kwa shughuli nyingine. Mshenga mwema haingii ndani akakaa. Mfano huu nitaurudia, maana chokaa ina tabia hiyo ya kuingia ndani ikakaa.

Kalsiamu ina ndugu zake katika kundi la pili la jedwali la elementi: beriliamu, magnesiamu, strontiamu, bariamu na rediamu. Wanne kati yao, yaani magnesiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu, walitengwa na Humphry Davy mwaka 1808 kwa nguvu ya umeme. Beriliamu ni sumu kwa mapafu na rediamu ina mionzi, kwa hiyo hao wawili tuwaache walipo. Kalsiamu ni elementi ya tano kwa wingi katika gamba la dunia, kiasi cha asilimia 4, na magnesiamu iko karibu na asilimia 2. Wingi huo ndio unaowafanya wanakemia wa siku hizi wazigeukie metali hizi kila wanapotafuta vichocheo visivyomaliza akiba ya dunia wala kuacha sumu nyuma yake.

Jambo la kwanza la maana sikulisoma, nilifundishwa kwenye tanuu. Nilikwenda kusini ya kisiwa kutafuta chokaa isiyozimwa, yaani iliyotoka motoni ikawa haijatiwa maji, nikamkuta mzee anapanga magogo ya minazi kwa duara, mawe yamelundikwa pembeni yakisubiri kupandishwa juu. Nikamsalimia, tukaulizana hali na watu wa nyumbani, ndipo nikamweleza haja yangu.

"Unataka ya kujengea au ya kutafunia, mwalimu?" Alikuwa na tambuu shavuni.

"Ya kupikia mafuta, mzee wangu."

Alicheka mpaka akatema. Kisha akaniuliza swali ambalo ningetamani kila mtafiti aulizwe kabla hajagusa kitu: "Ilozimwa au haijazimwa?" Nilipomwambia haijazimwa akaingia kwenye lundo la mawe yaliyokwishaiva, akawa anayanyanyua moja moja na kuyapima kwa kiganja. Mengine aliyatupa. "Hili zito, lina kiini," alisema. "Halijaiva ndani." Yaliyo mepesi akaniwekea kwenye ndoo yenye kifuniko, akanionya nisiyaache yaguse maji.

Kiganja kile kilikuwa kinafanya hesabu ambayo mimi huifanyia ubaoni. Gramu 100 za kabonati ya kalsiamu, yaani jiwe lenyewe, zikiiva sawasawa, kwenye moto wa karibu nyuzi 900, hubakisha gramu 56 za oksidi ya kalsiamu, ndiyo chokaa isiyozimwa. Gramu 44 zinaondoka zikiwa hewa ukaa. Jiwe lililoiva limepoteza karibu nusu ya uzito wake na umbo lake liko pale pale, kwa hiyo ukilishika unajua. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu hupima uzito kabla na baada ya tanuri la umeme, na sampuli ambayo haijapungua ipasavyo hairuhusiwi kupita mlango wa pili. Kiini ambacho hakijaiva ni kabonati, na kabonati haichochei chochote katika kazi yetu.

Kazi yenyewe ni kugeuza mafuta ya kula kuwa dizeli ya mimea. Mafuta ya nazi, ya mawese, ya alizeti, yote yana muundo mmoja: asidi tatu za mafuta zimeshikana na gliserini moja. Ukiyachanganya na methanoli mbele ya besi yenye nguvu (besi ni kinyume cha asidi), methanoli inaichukua nafasi ya gliserini, na unabaki na esta za methili, ambazo injini ya dizeli inaweza kuziunguza. Viwandani wengi hutumia sodiamu haidroksidi, magadi makali yale ya kutengenezea sabuni. Inafanya kazi kwa haraka, lakini inayeyuka ndani ya mchanganyiko, haitumiki mara ya pili, na inabidi dizeli ioshwe kwa maji tena na tena. Kwa anayeishi mwambao wa mashariki, ambako visima vingi vina maji ya munyu, hilo la kuosha si dogo. Oksidi ya kalsiamu haiyeyuki kirahisi hivyo. Inabaki unga, unaichuja, unaiosha kwa methanoli, unaitumia tena.

Kwa gramu 100 za mafuta ya mawese tunatia kiasi cha gramu 45 za methanoli na gramu 3 hadi 5 za chokaa iliyochomwa upya, tunapasha moto kwenye nyuzi 60 na kitu huku tukikoroga kwa saa mbili au tatu, na juu ya chupa kuna mrija wa kupozea mvuke. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 65, kwa hiyo hapo katikati nafasi ni ndogo. Ukiacha itulie, matabaka mawili yanajitenga: dizeli juu, gliserini na chokaa chini. Naandika vipimo hivi kwa wenye maabara. Methanoli si pombe ya kuchezea jikoni: ikinywewa inapofua na kuua, na ikishika moto mchana ndimi zake hazionekani vizuri. Kuna waliokuja kuniomba niwaonyeshe namna ya kuifanya uani, na nimewakatalia wote, jamaa na marafiki.

Kwa mafuta mapya ya nazi chokaa ilitupa raha. Kisha tukaenda kwenye mafuta ambayo hasa ndiyo yaliyotupeleka huko: yaliyotumika. Mji wetu unakaanga. Bajia, kachori, viazi vya karai, mihogo, samaki wa Forodhani. Jioni moja tu ukizunguka na dumu unarudi nalo limejaa. Bibi mmoja anayeuza urojo alituwekea ya wiki nzima, meusi kama kahawa, na akakataa kupokea senti. Tukayachuja, tukayakausha, tukayatia chokaa. Yakawa uji. Si dizeli wala mafuta, ni uji mzito wa kijivu unaong'ang'ania chupa.

Sababu ni asidi huru. Mafuta yanapokaangiwa mara nyingi, pamoja na maji ya viazi na samaki, sehemu yake huvunjika na kuziachia asidi za mafuta. Chokaa ikikutana na asidi hizo inazikamata palepale na kutengeneza sabuni ya kalsiamu, ambayo haitoi povu wala haiyeyuki, inaganda tu. Kila punje inayokwenda kwenye sabuni imetolewa kwenye kazi. Siku hizi hakuna mafuta yanayoingia kabla ya kupimwa: tone la fenolfthalini, dawa inayogeuka rangi asidi inapokwisha, potasiamu haidroksidi kidogo kidogo mpaka rangi ya waridi ishike. Yakihitaji zaidi ya miligramu 2 kwa kila gramu ya mafuta, ambayo ni kama asilimia moja ya asidi huru, chokaa peke yake haiyawezi. Unaweza kuyatibu kwanza kwa asidi ya salfuriki na methanoli, na wako wanaofanya hivyo. Mimi naona ukishaleta asidi ya salfuriki kwa ajili ya kuisaidia chokaa, sifa uliyoifuata imekwisha. Mafuta machafu sana afadhali yaende kwa watengeneza sabuni.

Adui wa pili ni hewa yetu. Oksidi ya kalsiamu ikiachwa wazi inavuta unyevu ikawa haidroksidi, yaani chokaa iliyozimwa, na inavuta hewa ukaa ikarudi kuwa kabonati, yaani jiwe. Fundi wa Mji Mkongwe anaipenda tabia hiyo hiyo, maana ndiyo inayofanya lipu ya chokaa ikomae ukutani ikivuta hewa mwaka hadi mwaka, na ndiyo iliyozisimamisha nyumba ambazo UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwangu mimi ni hasara. Unga ulioiva vizuri asubuhi, wakati wa masika, jioni umeshavimba na kupoa. Unaweza kuuchoma tena: haidroksidi inaachia maji kwenye nyuzi 500 hivi, kabonati inadai zaidi ya 800. Lakini kuchoma tena ni umeme tena, na umeme wetu unapokatika tanuri liko nyuzi 600 hakuna wa kumlaumu ila kuanza upya.

Nilisema nitarudi kwa mshenga. Kila ripoti ya chokaa na dizeli utakayoisoma itakwambia ni kichocheo kigumu, kinachochujwa na kurudiwa. Kwa sehemu ni kweli. Gliserini inapoanza kutoka, chokaa inashikana nayo na kutengeneza gliserosidi ya kalsiamu, na sehemu ya kalsiamu inaingia kwenye kimiminika. Kulijua hilo kuna jaribio rahisi ambalo naliona lina thamani kuliko mashine nyingi: katikati ya kazi, mchanganyiko ukiwa bado wa moto, chuja unga wote utoe, kisha endelea kupasha kimiminika peke yake. Kazi ikisimama, kichocheo kilikuwa kwenye unga. Ikiendelea, mshenga ameshaingia ndani, amevua viatu. Kwetu iliendelea, polepole, lakini iliendelea. Na hapo si suala la usafi wa nadharia tu. Kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea, EN 14214, kinaruhusu miligramu 5 tu za kalsiamu na magnesiamu kwa jumla katika kila kilo ya mafuta, kwa sababu mabaki hayo huziba vichujio na kuacha majivu kwenye injini. Kwa hiyo hata dizeli ya chokaa inahitaji kusafishwa. Inahitaji maji machache kuliko ile ya magadi, hilo nalikubali. Kusema haihitaji kabisa ni maneno ya kuombea fedha.

Wanafunzi, kwa kuwa ni vijana na wana ari, wakataka kupanda ngazi. Kama kalsiamu ni nzuri, bariamu je? Maana katika kundi hili ubesi unaongezeka kadiri unavyoshuka: oksidi ya magnesiamu ndiyo pole, kalsiamu inafuata, strontiamu kali zaidi, bariamu kali kupita hizo zote. Oksidi ya bariamu kweli inakimbiza kazi. Pia inayeyuka kwenye methanoli, na bariamu inayoyeyuka ni sumu ya moyo na misuli. Niliwauliza mabaki yake tutayamwaga wapi katika kisiwa ambacho maji ya kunywa yanatoka kwenye mawe yenye matundu chini ya miguu yetu. Mjadala ulikwisha haraka.

Walichopendekeza baada ya hapo kilikuwa bora: magamba. Akina mama wa pwani wakishabandua chaza na kombe, magamba yanabaki malundo. Ni kabonati ya kalsiamu karibu tupu, na yakioshwa vizuri na kuchomwa yanatoa oksidi safi kuliko ya jiwe la maweni, ambalo huja na mchanga na udongo wake. Nayapenda. Lakini kuna sifa yanayopewa ambayo siyo yake. Watu wanasema chokaa ya magamba haichafui hewa kwa kuwa ni taka. Gramu 44 kwa kila 100 zinatoka kwenye gamba kama zinavyotoka kwenye jiwe. Moto haujui tofauti. Unachookoa ni uchimbaji, na pengine matumbawe hai, ambayo kuyang'oa baharini kwa ajili ya tanuu ni kuwavunjia samaki nyumba. Si hewa. Na tanuu la magogo linakula miti, iwe ndani umetia nini. Ukitaka kuhesabu uendelevu wa kichocheo hiki anza kwenye magogo ya yule mzee, kisha gawanya kwa idadi ya mara unga huo utakavyofanya kazi kabla ya kufa. Unga unaotumika mara moja ukatupwa hauna cha kujivunia mbele ya magadi.

Kuna wenzetu wanaozitumia metali hizi kwa namna nyingine kabisa, si unga bali molekuli moja moja zilizovikwa ligandi, yaani vipande vya molekuli vinavyoizunguka metali na kuishika. Michael Hill na wenzake Uingereza walionyesha mwaka 2005 kwamba molekuli ya kalsiamu inaweza kuchochea nitrojeni na hidrojeni viungane na kaboni zenye kifungo maradufu. Mwaka 2008 kundi la Sjoerd Harder likatumia kalsiamu kuongeza hidrojeni kwenye kaboni za namna hiyo, kazi iliyokuwa ikidhaniwa ni ya akina platinamu peke yao. Nazisoma kazi hizo kwa furaha na wivu. Kalsiamu haifanyi mambo kama paladiamu. Paladiamu inatoa na kupokea elektroni, inapanda na kushuka daraja. Kalsiamu ikishatoa mbili zake imemaliza. Inabaki pale pale, inafanya kazi kwa kuvuta na kubadilishana washirika. Ndiyo maana yapo mambo ambayo haitayaweza, na anayeahidi kwamba chokaa itamfukuza paladiamu kila mahali hajakaa nayo. Tena molekuli hizo zinataka hewa ya argoni iliyokauka kabisa. Zikifunguliwa kwetu wakati wa masika hazimalizi pumzi moja.

Kinachonichekesha ni kwamba magnesiamu imeshaingia visiwani bila kubisha hodi. Plastiki ya polipropilini, ambayo ndiyo kamba nyingi na viti vingi vya plastiki, hutengenezwa kwa vichocheo vya titaniamu vilivyokalishwa juu ya kloridi ya magnesiamu. Mkulima wa mwani wa Paje anayefunga miche yake kwenye kamba kama hiyo ameshikilia matokeo ya kemia hii. Na maji ya bahari aliyosimama ndani yake yana zaidi ya gramu moja ya magnesiamu katika kila lita.

Hapo ndipo tulipo sasa, Pemba. Wanaovuna chumvi kwa jua hubakiwa na maji machungu baada ya chumvi kuganda, na machungu hayo mengi ni magnesiamu. Ukiyatia chokaa iliyozimwa, kalsiamu inaingia majini na haidroksidi ya magnesiamu inatua chini, nyeupe kama maziwa, ile ile inayouzwa dukani kwa kiungulia. Ichome, unapata oksidi. Kwa dizeli ni dhaifu mno, inataka joto kuliko mchemko wa methanoli na chombo cha kuhimili presha, ambacho hatuna. Wanafunzi wawili, wote Wapemba, wakaja na hoja nyingine: yujinoli.

Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa kwa mvuke pale Wawi, Chake Chake, mengi yake ni yujinoli. Besi ikiisukuma, kifungo kimoja maradufu kinahama nafasi, inakuwa isoyujinoli, na kutoka hapo viwanda vya zamani vilitengeneza vanilini, harufu ya vanila. Kwa kawaida husukumwa kwa potasiamu haidroksidi kali na nyingi. Mchanganyiko wa magnesiamu na aluminiamu uitwao haidrotalsiti umeshaonyeshwa kuifanya kazi hiyo ukiwa unga, na nusu ya hiyo tunaweza kuitengeneza kwa maji ya chumvi.

Shaka yangu nimewaambia mapema. Yujinoli ni fenoli, ina uasidi wake. Daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ikaganda kuwa saruji ya kuzibia jino. Kama inaganda na zinki, kwa nini isigande na magnesiamu? Kwa hiyo kabla hawajagusa chupa kubwa wataweka unga kidogo kwenye kioo cha saa, kile kisahani cha maabara, watone yujinoli, wapashe taratibu, na warudi baada ya chakula cha mchana waone kama kijiko bado kinazunguka.